Inchi Tisa za Tanuri la Bwana Hemedi

Jumanne, 4 Agosti 2015

Matofali mia na themanini leo. Yote nimebeba mimi. Mgongo umekuwa kama wa babu wa watu.

Tanuri limefika kiunoni. Fundi Gasto anajenga, mimi nachanganya udongo na kumpa tofali. Bwana Hemedi anakuja kila baada ya muda anatazama, anasema "Mashallah," anarudi dukani kwake. Kazaliwa hapahapa Kasulu, ila kwao ni Pangani, na anaongea kama mtu aliyeshuka jana. Tangu Warundi waanze kumiminika kambini Nyarugusu mkate unatafutwa kama dawa. Ndiyo maana anataka tanuri kubwa, siyo lile dogo la zamani la kuokea maandazi.

Leo wamebishana. Ukuta wa nyuma wa tanuri ndio huohuo ukuta wa stoo ya duka. Ukuta mmoja, nyumba mbili. Gasto anataka ajenge ukuta wa pili upande wa stoo, aache nafasi ya kiganja katikati, ajaze majivu. Eti joto lisivuke. Bwana Hemedi kashika kiuno: matofali mengine tena?

Nikasema subirini, nitapiga hesabu.

Gasto kacheka mpaka mwiko umemponyoka. "Hesabu ya joto? Joto linapimwa na mkono, weye."

Mkono! Huyu mzee hajui anaongea na nani. Mimi nimefika kidato cha tatu. Sikukimaliza, sawa, lakini nimeondoka katikati ya sura ya joto. Kitabu ninacho bado, hakina jalada tu.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimewamaliza.

Kanuni iko kitabuni. Joto linalopita ukutani ni namba ya tofali, mara eneo la ukuta, mara tofauti ya joto la ndani na la nje, gawanya kwa unene. Namba ya tofali ni 0.7. Mbele yake kuna vimkia, W na m na digrii vimebanana na alama ya mkwaju katikati. Sikuvinakili. Vinachafua ukurasa.

Ukuta nimeupima kwa tepu: mita mbili kwa mita moja na nusu. Eneo tatu. Tanuri ndani ni digrii 225, imeandikwa kwenye pakiti ya hamira. Stoo ni 25. Tofauti mia mbili kamili. Unene sina haja ya kupima, kila fundi Tanzania anajua ukuta wa tofali la kulaza ni inchi tisa. Tisa.

0.7 mara 3 mara 200 ni 420. Gawanya kwa tisa. 46.7.

Wati arobaini na sita! Balbu ya chooni kwa Bwana Hemedi ni wati sitini!

Nimeiandika kwa mkaa ukutani, kubwa, karibu na mlango wa tanuri, kila mtu aone. Bwana Hemedi kavaa miwani, kaisoma mara mbili, kasema, "Injinia, kumbe una kichwa." Ukuta wa pili umefutwa. Gasto kakusanya majivu yake kayamwaga kwenye migomba. Nimemwambia asinune, nitamfundisha kugawanya.

Kuanzia leo naitwa Injinia. Lameki amebaki kwenye kadi ya kliniki.

Jumamosi, 15 Agosti

Moto wa kwanza. Kuni tangu alfajiri. Gasto anatupa unga chini ya tanuri, ukigeuka rangi ya karanga bila kuungua anasema tayari. Mikate mia mbili. Imetoka imevimba kama mashavu yangu.

Nimeenda stoo kushika ukuta. Baridi. Baridi kama pua ya mbwa. Nimemwita Gasto aje aguse. Kagusa. Kasema, "Tofali lina uvivu. Subiri."

Mzee ana wivu kinoma.

Jumatano, 19 Agosti

Mama amekuja na lori la mihogo kutoka kwetu Nyakitonto. Magunia kumi na mawili ya mbegu. Maharage ya njano, yamechaguliwa moja moja, hayana hata lililokunjamana. Siyo ya kwake peke yake, ni ya kikundi chao cha wanawake kumi na wanne. Mwaka jana wadudu walitoboa karibu yote, wakanunua mbegu mbovu, wakavuna majani. Mwaka huu wameamua kuweka pamoja, sehemu kavu, mpaka mvua za mwezi wa kumi.

Wazo ni langu. Nilimwambia kwa simu nilipomaliza hesabu: leteni Kasulu, stoo ya Bwana Hemedi haina unyevu, na ukuta wa tanuri utakuwa na kauvuguvugu kadogo ka kufukuza wadudu. Mama kaelewa palepale. Si ndiyo desturi ya kwetu? Mbegu inakaa darini juu ya jiko, moshi na joto vinailinda. Nikamwambia hili ni dari la kisasa, Mama, limelazwa ukutani.

Wanawake wengine walisita. Yozefa, yule mwenyekiti wao mwenye sauti kama kengele ya kanisa, alisema mbegu haikai mbali na mwenyewe. Mama kawajibu: mwanangu amepiga hesabu.

Nimepanga mwenyewe. Mistari mitatu, kila mstari magunia manne. Mstari wa kwanza umeegemea ukuta kabisa, wa pili umefuata, wa tatu uko karibu na mlango. Mama kapiga makofi yale ya salamu zetu sisi Waha, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kamshukuru Bwana Hemedi. Bwana Hemedi naye kajaribu kuitikia kwa makofi kama Muha. Kachekesha.

Jumatatu, 31 Agosti

Tanuri halizimwi tena. Gari la kambini linakuja kila asubuhi, linachukua mikate yote, linadai zaidi. Tunachoma mchana kutwa, usiku makaa yanabaki ndani, alfajiri tunaanza upya.

Ukuta wa stoo una uvuguvugu. Sehemu iliyo wazi, pale pembeni ambapo hakuna gunia. Kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Nimemwambia Bwana Hemedi ndiyo zile wati arobaini na sita zinafika, zimechelewa njiani. Kacheka.

Gasto hakucheka. Kaja, kaweka kiganja, kakaa nacho ukutani muda mrefu. Mimi nikapiga mluzi.

Jumatatu, 7 Septemba

Uvuguvugu umezidi. Siyo sana. Kidogo tu.

Paka wa dukani amehamia juu ya magunia. Halali pengine.

Jumamosi, 12 Septemba

Sijui naanzia wapi.

Asubuhi gari la mikate lilikuja na mtu mgeni. Mwalimu Mulonda. Mkongo, yuko Nyarugusu tangu zamani, kwao huko alifundisha shule ya ufundi. Siku hizi ndiye anahesabu mikate ya shule za kambini, kapewa kibali aje nayo mwenyewe. Mfupi, koti la suti, ndala.

Akasimama mbele ya hesabu yangu ya mkaa. Nikajisogeza. Nikajua leo nasifiwa na mtu aliyesoma.

"Ni nani aliandika iyi?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Iko muzuri. Lakini petit, kijana, inite iko wapi?"

Inite ndiyo nini? Akasema ni kipimo, ule mkia wa namba: mita, kilo, wati. "Namba bila inite ni sawa mutu bila karate, ile kadi ya kambi. Haiwezi pita ku bariye ya polisi." Wapakiaji wakacheka. Mimi pia. Nikasema mikia naijua, nimeiacha kwa sababu ya nafasi.

Akaniomba mkaa. Akasema tuirudishe yote, moja moja, halafu tukate zinazofanana juu na chini. Kama hesabu iko sawa, itabaki wati peke yake. Ikibaki kitu kingine, kuna mahali nimedanganya.

Tukaandika. 0.7 siyo 0.7 tu, ni wati kwa kila mita kwa kila digrii. Eneo ni mita mara mita. Tofauti ni digrii. Digrii ikakata digrii. Mita ya chini ikakata mita moja ya juu. Ikabaki wati, na mita moja juu, peke yake, inangoja mwenzake chini.

Chini kulikuwa na tisa.

"Tisa ya nini?"

"Inchi."

Akazungushia duara mita, akazungushia inchi. "Sasa iyi na iyi zinafanya nini mu nyumba moja?"

"Zinaishi," nikasema. Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka.

"Hazikatane, petit. Wati ya mita kwa inchi. Umeshaiona wapi? Ku soko wanaiuza?"

Akageuza inchi tisa kuwa mita. 0.2286. Mita ikakata mita. Ikabaki wati, safi, peke yake, kama alivyosema. Kisha akagawanya 420 kwa hiyo 0.2286, pole pole, mkaa unalia ukutani.

1,837.

Nikasema siyo. Nikafanya mwenyewe kwenye simu. 1,837. Nikafanya tena. Elfu moja mia nane thelathini na saba.

Pasi ya umeme ya Bwana Hemedi imeandikwa wati elfu moja. Hizo ni pasi mbili kasoro kidogo. Zimewashwa. Zimeelekezwa kwenye magunia ya Mama. Tangu tulipoacha kuzima moto.

Nikakaa juu ya kuni.

Mwalimu kaniuliza nyuma ya huu ukuta kuna nini. Nikamwambia. Akauliza magunia yameegemea? Nikasema ndiyo, lakini ukuta nimeushika, ni vuguvugu tu. Akauliza umeushika wapi. Nikasema pale palipo wazi. Akatikisa kichwa. Kasema palipo wazi hewa inachukua joto, ukuta unapumua. Kwenye gunia joto halina pa kutokea. Umeuvalisha blanketi, huko nyuma linarundikana tu.

Saa nane mchana

Nimevuta magunia. Peke yangu, sikumwambia mtu. Nimetia mkono nyuma ya mstari wa kwanza, kiganja chote, ukutani.

Nimeuondoa kabla sijahesabu moja. Nyama ya kiganja imekuwa nyekundu.

Gunia lenyewe, upande ule, lina rangi ya chai. Linanuka kama pasi.

Nimesogeza yote kumi na mawili mpaka ukuta wa barabarani. Paka kaniangalia kama mwizi.

Jumapili, 13 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimekaa na maharage.

Hili ndilo linalonitisha: ni mazima. Mazuri. Ya njano, yanang'aa, hakuna lililopasuka, hakuna mdudu. Nimemwaga kikombe kutoka mstari wa kwanza na kikombe kutoka mstari wa tatu, nikachanganya, nikajaribu kuyatenganisha. Nimeshindwa. Nimeng'ata moja moja. Yote magumu sawasawa.

Mtu yeyote angeyaona angesema nimeyatunza.

Basi pengine namba imekosea. Mkongo kajuaje? Tofali la Kasulu si tofali la kitabuni. Nimejisemea hivyo mara nyingi leo. Halafu naangalia kiganja changu.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimemuuliza Gasto, kwa kuzunguka, mbegu ikipata joto inakuwaje. Nimesema ni swali la kawaida.

Kaniangalia. Kasema kwao bibi yake aliweka mahindi ya mbegu karibu mno na moto. Yalipendeza mwaka mzima. Hayakuota hata moja. Kisha kaniuliza: "Umeyasogeza?"

Alikuwa anajua. Mzee huyu alikuwa anajua tangu aliposhika ukuta, kanyamaza kwa sababu nilimpigia mluzi. Nilitaka nimtukane. Nikamwambia ndiyo, nimeyasogeza.

Kanifundisha kupima. Punje ishirini kwa kila mstari. Kitambaa kilichoroweshwa, zipange, zikunje, weka kivulini, usiache zikauke. Siku ya tano unafungua.

Nimechana shati langu la shule. Vitambaa vitatu. Nimeviandika 1, 2, 3.

Jumatano, 16 Septemba

Nimefungua kabla ya siku. Sikuweza kusubiri.

Kitambaa cha 3: punje zimevimba, nyingine zimetoa kamzizi keupe. Cha 2: zimevimba, mbili tatu zina kitu. Cha 1: zimevimba.

Zimevimba tu.

Alhamisi, 17 Septemba

Mkate umeungua, sinia zima. Kosa langu. Bwana Hemedi kauliza, "Injinia, leo u mgonjwa?" Nimesema asiniite hivyo. Kashangaa.

Jumamosi, 19 Septemba

Siku ya tano.

Kitambaa cha 3: kumi na nane kati ya ishirini.
Kitambaa cha 2: saba.
Kitambaa cha 1: hakuna. Hakuna hata moja. Zimelainika, zinanuka, ngozi inatoka ukigusa.

Sifuri.

Sikuwahi kuogopa sifuri. Shuleni nilipata nyingi.

Magunia manne yamekufa na manne ni mahututi. Niliyaua mimi, nikiwa naimba. Nilikuwa nakwenda stoo kila siku, nagusa ukuta pale pa uongo, natoka nimefurahi. Wanawake kumi na wanne walikaa chini wakachagua punje moja moja. Mama aliwaambia mwanangu amepiga hesabu.

Na kuna wazo limekuja, naliandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Watagawana, watapanda, hayataota, watalaumu mvua. Mvua inalaumiwa kila mwaka. Gasto hatasema. Mwalimu yuko kambini. Nikifuta ule mkaa ukutani, basi.

Nimekwenda na kitambaa chenye maji mpaka pale ukutani. Nimesimama.

Sikufuta. Siyo kwa wema. Niliona ile mita ya Mwalimu juu, inangoja, na nikajiona mjinga kufuta kitu ambacho tayari kimeshatokea.

Jumapili, 20 Septemba

Nimemwambia Bwana Hemedi. Nilidhani atapiga kelele. Kakaa kwenye ngazi ya duka, kavua kofia, kaishika mikononi. "Lahaula," kasema. "Na mimi nimeisoma mara mbili."

Ndilo lililonishtua zaidi ya kupigwa. Kujiingiza kwake kwenye kosa. Alisoma kweli, lakini aliyeandika ni mimi.

Kasema atatafuta mbegu. Ametuma watu sokoni, mpaka Kibondo. Hakuna. Maharage yote yamekwenda kambini kuliwa, na yaliyobaki ni ya kupikia, mchanganyiko, hakuna anayejua yamelala wapi.

Jumanne, 22 Septemba

Gasto ameanza ukuta wa pili. Nafasi ya kiganja, majivu. Nimembebea tofali siku nzima. Mara mbili nimefungua mdomo kusema samahani, mara mbili kaniomba udongo.

Jioni kasema, "Kesho unaenda?"

"Naenda."

"Nenda na vitambaa. Mdomo wako watu wanaujua."

Jumatano, 23 Septemba

Nyakitonto. Bwana Hemedi katoa pikapu, magunia yote kumi na mawili nyuma, na mimi juu yake.

Wanawake walikuwa uani kwa Yozefa. Waliona magunia wakasimama, wakapiga makofi ya salamu, wote, kwa pamoja. Ile sauti ndogo. Nilitaka pikapu irudi nyuma.

Mama alikuja mbele akicheka. "Yoo, mwana wanje, mbona mapema hivi?"

Nikashuka. Nikavitandika vitambaa vitatu chini. Nikasema magunia haya manne ni ya kula tu, hayataota. Haya manne yataota machache. Haya manne ni mazima. Nikasema ni tanuri, na ni hesabu yangu, na niliambiwa tujenge ukuta wa pili nikakataa.

Yozefa kainama. Kachukua punje ya kitambaa cha kwanza, kaibonyeza, ngozi ikabanduka kidoleni. Kachukua nyingine. Kazibonyeza zote ishirini. Zote. Nilitamani aache katikati.

Mmoja akasema mbona haya hayana kitu, tazameni yanavyong'aa. Kijana anatutisha. Akachukua punje moja kwenye gunia la kwanza, kaitafuna, kasema ni nzima. Nilitaka nimwamini. Yozefa kamwambia, "Na mimi nang'aa, je, nitazaa tena?" Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye hucheka kila kitu.

Mama alikuwa anatazama kitambaa, siyo punje. Ametambua shati.

Waliongea Kiha, haraka, muda mrefu. Mimi nimekaa chini karibu na gurudumu. Wakakata shauri hivi: yaliyo mazima yagawanywe kwa kumi na watatu. Wa kumi na nne asipate.

Wa kumi na nne ni Mama. Kajitoa mwenyewe. Kasema hesabu ilitoka nyumbani kwake.

Nilisimama nikasema hapana. Yozefa kanigeukia: "Wewe kaa. Leo husemi namba."

Nikakaa.

Alhamisi, 24 Septemba

Mama amechukua gunia moja la mstari wa pili. Saba kati ya ishirini. Kasema atapanda hayo. Nimemwambia atie punje tatu kila shimo, basi angalau moja itoke. Kaniuliza kama hiyo nayo ni hesabu. Siyo kwa kejeli. Aliuliza kweli.

Nikamjibu ndiyo. Na kwamba mashimo mengine yatabaki tupu hata hivyo.

Kasema sawa.

Ningefurahi angenichapa.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Bwana Hemedi kanipa ruhusa bila kuomba. Nimefika Nyakitonto na tope magotini.

Nimemlimia Yozefa kwanza, kisha wawili wengine. Hakuna aliyeniamuru. Yozefa kaniletea uji, kaweka chini mbali kidogo, kaondoka.

Kwa Mama tumepanda jioni. Tatu kila shimo. Yeye anachimba, mimi nadondosha. Kila punje nilikuwa naitazama kana kwamba safari hii nitaona tofauti. Hakuna tofauti.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimerudi Kasulu kwa siku mbili. Mwalimu Mulonda kaja na gari la mikate. Kaona ukuta mpya, kaushika, kaona hesabu bado ipo. Kauliza maharage. Nikamwambia.

Hakunipa pole. Kachukua mkaa, kaniuliza majivu yana namba gani. Nikasema sijui. Kasema itafute, na mkia wake. Kaenda kuhesabu mikate.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nyakitonto. Asubuhi kuna ukungu, shamba limelowa.

Yameota. Kwa Yozefa mistari imenyooka, kijani, hakuna pengo. Nimepita kando ya shamba lake bila kusimama.

Kwa Mama, mashimo mengine yana mche. Mengine yana miwili. Mengine ni udongo tu.

Mama yuko shambani tangu mapambazuko. Ana kikapu cha mahindi. Kila anapokuta shimo tupu anafukua kidogo kwa kidole, anatia punje mbili za mahindi, anafukia, anasonga. Hajaniita. Nimechukua kikapu nikambebea.

Akinyoosha mkono, nampa mbili.

Tumemaliza mistari sita. Imebaki kumi na tisa.